Ardhi ya Wengi, Majina ya Wachache: Tujifunze kwa Wamaori wa Nyuzilandi

SOMO LA KIKUNDI



Kuna maswali ambayo hayaishi katika mikutano yetu. Shamba ni la watu wengi. Labda ni la ukoo, labda ni la kikundi, labda ni la marehemu baba aliyeacha watoto wanane. Je, nani aandikwe kwenye hati? Tuligawe au tulishike pamoja? Na serikali ikija kutusaidia kulilima, je, litabaki letu?

Leo tutasoma habari za watu wengine waliopitia mambo hayo kwa muda wa zaidi ya miaka 150. Hao ni Wamaori, wenyeji wa nchi ya Nyuzilandi. Tumewachagua kwa sababu moja: karibu kila kosa linaloweza kufanyika juu ya ardhi ya wengi, kwao lilifanyika. Na pia baadhi ya dawa zilizofaa, wao walizijaribu kabla yetu.

Somo hili ni la mikutano miwili. Mkutano wa kwanza someni sehemu ya 1 mpaka ya 3. Wa pili someni zinazobaki na mjibu maswali. Anayejua kusoma vizuri asome kwa sauti, polepole, na wengine wamsimamishe wakitaka kuuliza.

1. WATU NA MKATABA WAO

Nyuzilandi ni nchi ya visiwa, mbali kusini mashariki, ng'ambo ya Australia. Visiwa vikubwa ni viwili, cha Kaskazini na cha Kusini. Wamaori waliishi huko karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Ardhi ilikuwa ya kabila na ukoo. Mtu alikuwa na haki ya kulima hapa, kuvua samaki pale, kutega ndege msituni, lakini hakuna mtu aliyeweza kusimama peke yake akauza.

Tarehe 6 Februari 1840, mahali panapoitwa Waitangi, machifu wa Kimaori walianza kutia sahihi mkataba na Uingereza. Mwishoni walikuwa zaidi ya machifu 500. Mkataba huo uliandikwa kwa lugha mbili, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Katika Kiingereza, machifu walimpa Malkia mamlaka yote juu ya nchi. Katika Kimaori, walimpa ugavana tu, na wao wakabaki na enzi yao kamili juu ya ardhi, vijiji na mali zao. Karibu wote walitia sahihi ile ya Kimaori. Kwa hiyo kila upande ulirudi nyumbani ukiamini jambo lake.

Mkataba ulisema pia kwamba Mmaori akitaka kuuza ardhi, aiuzie serikali peke yake. Mtu angefikiri huo ni ulinzi. Lakini mnunuzi akiwa mmoja, bei anapanga yeye. Mwaka 1848 serikali ilinunua sehemu kubwa ya kisiwa cha Kusini, zaidi ya ekari milioni 13, kwa pauni 2,000. Wenyeji waliahidiwa kwamba watatengewa mashamba ya kuwatosha. Walitengewa kidogo sana.

Halafu ikaja vita. Katika miaka ya 1860 serikali ilipigana na makabila kadhaa ya kisiwa cha Kaskazini, na kwa sheria ya mwaka 1863 ikanyang'anya zaidi ya ekari milioni 3, hasa Waikato na Taranaki. Sehemu ilirudishwa baadaye, lakini waliobaki bila shamba walikuwa wengi, na wengine hawakuwa wamepigana hata siku moja.

Lakini wanavikundi, sikieni vizuri. Si vita iliyochukua ardhi nyingi zaidi katika kisiwa hicho baada ya hapo. Iliyochukua nyingi ni karatasi.

2. MAHAKAMA NA MAJINA KUMI

Katika miaka ya 1860 serikali iliunda Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji. Kazi yake ilikuwa kugeuza haki za kimila kuwa hati za kizungu, zinazoweza kuuzwa na kuwekwa rehani. Na sasa mlowezi yeyote aliruhusiwa kununua moja kwa moja.

Sheria ya mwaka 1865 ilisema kwamba kwenye hati ya shamba waandikwe watu wasiozidi kumi. Shamba likiwa kubwa, zaidi ya ekari 5,000, lingeweza kuandikwa kwa jina la kabila zima, lakini jambo hilo lilifanyika kwa nadra sana. Basi ukoo wa watu mia mbili au mia tatu ulichagua kumi. Ukoo ulifikiri: hawa ni wawakilishi wetu, wanatushikia. Sheria ilifikiri: hawa ndio wenye shamba, wengine hawamo.

Kilichotokea Heretaunga, palipo na mji wa Hastings siku hizi, ni mfano mzuri. Ni bonde lenye rutuba sana. Mwaka 1867 hati ilitolewa kwa majina kumi. Wanunuzi hawakuita mkutano wa ukoo. Walimwendea mmoja mmoja. Huyu ana deni dukani, anaambiwa deni litafutwa akitia sahihi. Yule anaambiwa wenzako wamekwisha kuuza, utabaki peke yako. Kufikia 1870 bonde lilikuwa limekwenda. Malalamiko yalikuwa mengi hata serikali ikaunda tume mwaka 1873 kuyachunguza, lakini ardhi haikurudi.

Hata wale ambao hawakutaka kuuza walivutwa. Mtu mmoja tu akipeleka dai mahakamani, ukoo wote ulilazimika kwenda kujitetea, la sivyo ungeandikwa haumo. Kesi zilisikizwa mjini. Watu walikaa huko wiki nyingi, pengine miezi, katika mahema na vibanda, wakila kwa mkopo wa dukani. Wengine waliugua wakafa. Kulikuwa na ada ya mahakama, pesa ya wakili, na pesa ya savea wa kupima shamba. Mwishowe ukoo ulishinda kesi, ukapata hati, halafu ukauza sehemu ya shamba ili kulipa gharama za kupata hati hiyo.

Angalieni hesabu. Mwaka 1860 Wamaori walikuwa bado na kiasi cha asilimia 80 ya kisiwa cha Kaskazini. Kufikia 1910 walibaki na kiasi cha robo tu. Kiasi kikubwa cha ardhi hiyo kilitoka kwa sahihi na muhuri.

3. SHAMBA LINALOGAWANYIKA KWENYE KARATASI

Mtu atauliza: je, wangeandikwa wote, si ingekuwa salama? Serikali ilijaribu hilo pia. Sheria ya mwaka 1873 ilitaka kila mwenye haki aandikwe. Na mahakama iliamua kwamba mtu akifa, watoto wake wote warithi sawasawa, wa kiume na wa kike, na wale wanaoishi mbali pia.

Kusikia hivyo ni haki. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Chukueni kijiti mwandike mchangani.

Shamba ni ekari 400, na wenyewe ni 10. Kila mmoja ana fungu la ekari 40.
Kila mmoja akiacha watoto 5, warithi ni 50. Kila mmoja ana ekari 8.
Nao wakiacha watoto 5 kila mmoja, wajukuu ni 250. Kila mmoja ana ekari moja na nusu na kidogo.
Vitukuu ni 1,250. Kila mmoja ana chini ya theluthi moja ya ekari.

Tena mafungu haya hayana mpaka wala alama ardhini. Yapo kwenye daftari la mahakama tu. Na kwa kuwa mtu alirithi kwa baba na kwa mama, Mmaori mmoja angeweza kuwa na kijifungu hapa, kingine bonde la pili, na kingine safari ya siku mbili. Huyo ni mwenye ardhi kwa jina. Mbuzi hana pa kumfunga.

Ikawa shida juu ya shida. Benki haimkopeshi mtu mwenye fungu la namna hiyo. Anayelima bila ruhusa ya wengine anaitwa mnyang'anyi na ndugu zake. Asiyelima anaambiwa na serikali kwamba ameacha ardhi nzuri iwe pori, afadhali auziwe mlowezi. Ndivyo ardhi iliyobaki ilivyokuwa karne ya 20 ilipoanza.

(Mkutano wa kwanza uishie hapa.)

4. NGATA NA DAWA YAKE

Mwaka 1874 alizaliwa mtoto pwani ya mashariki ya kisiwa cha Kaskazini, wa kabila la Ngati Porou. Jina lake ni Apirana Ngata. Alisoma mpaka akawa Mmaori wa kwanza kupata digrii katika chuo kikuu cha Nyuzilandi, akawa mwanasheria. Angeweza kukaa mjini apate pesa. Alirudi kwao kwenye kondoo na madeni. Tangu 1905 alikuwa mbunge, akakaa bungeni karibu miaka 40. Leo picha yake iko kwenye noti ya dola 50 ya nchi ile.

Ngata alifanya mambo matatu, na kila moja linatuhusu sisi wa vikundi.

La kwanza, aliwahimiza wenye ardhi kuungana kuwa shirika lililoandikishwa kisheria. Kila mwenye fungu alibaki na fungu lake, lakini shamba liliendeshwa kama kitu kimoja. Wenyewe walichagua kamati. Kamati iliweza kukopa, kuajiri meneja, kununua kondoo na kuuza sufu. Faida iligawanywa kwa kila mtu kulingana na fungu lake. Hakuna aliyeweza kujiuzia peke yake.

La pili, alihimiza kubadilishana. Mwenye vijifungu kumi vilivyotawanyika alibadilishana na wengine, mpaka familia moja ikapata mahali pamoja pa kuweza kulima. Ilikuwa kazi ya miaka, ya vikao vingi na uvumilivu mwingi.

La tatu, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Wenyeji kuanzia 1928, alipitisha sheria ya mwaka 1929 ya kutumia pesa za serikali kuendeleza mashamba ya Wamaori. Hapo awali serikali ilikuwa imewakopesha walowezi miaka mingi. Mmaori aliambiwa hati yako haieleweki. Ngata alisema tusingojee hati zote zitengenezwe, watu watakufa. Kazi ianze, hati zitafuata.

Hivyo ndivyo miradi ilivyofunguka. Kule Horohoro, karibu na Rotorua, familia zilianza mwaka 1930 na pori tupu. Walilala kwenye mahema na vibanda, wakafyeka, wakapanda nyasi, wakajenga ua, wakaleta ng'ombe wa maziwa. Waikato, kwa watu walionyang'anywa ardhi katika vita, mama mmoja wa ukoo wa kifalme, Te Puea Herangi, aliongoza kazi hiyo akiwa yeye mwenyewe shambani na watu wake. Ngata alitaka hivyo hasa: kiongozi ambaye watu wanamfahamu asimame mbele, na ofisa wa serikali asaidie kutoka nyuma. Pwani ya mashariki watu wake wa Ngati Porou walikuwa wameanza kiwanda chao cha siagi cha ushirika huko Ruatoria katika miaka ya 1920.

Kumbukeni kwamba hiyo ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi duniani kote. Kwa familia nyingi, ng'ombe hao ndio waliowalisha.

5. DAFTARI LILIPOMWANGUSHA

Sasa tunafika mahali pa kuhuzunisha. Ngata alikuwa na haraka. Alihamisha pesa na vifaa kutoka mradi huu kwenda ule bila kufuata kanuni. Maofisa wake walikuwa wachache na kazi nyingi. Vitabu vya hesabu havikwenda sawa na kazi.

Mwaka 1934 serikali iliunda tume kuchunguza. Tume iligundua kwamba ofisa mmoja wa chini alikuwa ameghushi hesabu. Ikamlaumu Ngata mwenyewe kwa kupuuza kanuni za fedha na kupendelea watu wake. Mwezi wa Novemba mwaka huo alijiuzulu uwaziri.

Waliokuwa hawapendi kuona pesa za serikali zikienda kwa Wamaori walifurahi sana. Wamaori wengi walilia. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri: mashamba yalikuwepo, nyasi zilikuwepo, ng'ombe walikuwepo. Lakini wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kiongozi mwema asipoweka vitabu, anampa adui wake fimbo.

Na matokeo yake hayakumpata Ngata peke yake. Miradi haikufungwa, bali uongozi ulihamia kwa Bodi na maofisa wa Wellington, mji mkuu. Kuanzia hapo msimamizi wa serikali ndiye aliyesema ng'ombe wangapi, mbolea gani, uza lini. Sehemu ya pesa za maziwa ilikatwa kulipia deni kabla mkulima hajaziona. Wenye ardhi wengine walingoja miaka mingi deni liishe ili warudishiwe shamba. Shamba lilikuwa na nyasi nzuri sasa, lakini mwenyewe alikuwa kama kibarua juu yake.

Serikali iliendelea kusimamia, na mara nyingi ilisimamia kwa faida ya urahisi wa ofisi. Tutataja mambo mawili.

Jambo la kwanza ni mafungu madogo. Sheria ya mwaka 1953 ilisema kwamba mtu akifa na fungu lake halifiki thamani ya pauni 25, linaweza kuchukuliwa na Mdhamini wa Maori, yaani ofisa wa serikali wa kushika mali yao, na warithi walipwe pesa. Ofisini ilionekana ni kusafisha daftari. Kwa Mmaori, kile kijifungu ndicho kilichokuwa ushahidi kwamba yeye ni wa mahali pale, kwamba ana haki ya kusimama kwenye uwanja wa mikutano wa ukoo wake. Sheria ya mwaka 1967 iliongeza nguvu hiyo, na ikageuza mashamba yenye watu wanne au chini kuwa ardhi ya kawaida, rahisi kuuzwa. Hasira ilikuwa kubwa, na mwaka 1974 uwezo huo wa kuchukua mafungu kwa nguvu ukaondolewa.

Jambo la pili ni kukodisha. Mashamba mengi, hasa ya Taranaki, yalikodishwa kwa wakulima wa kizungu kwa mkataba wa miaka 21 unaoweza kurudiwa milele. Kodi ilipangwa mara moja tu kila miaka 21. Bei za vitu zikapanda, kodi ikakaa palepale. Mwenye shamba akawa anapokea pesa kidogo sana kwa ardhi ya mababu zake, wala hawezi kuingia. Ni mwaka 1997 tu ndipo sheria ilipobadilishwa ili kodi zifuate bei ya soko.

6. USTAWI: MSAADA NA KAMATI

Tuseme kidogo juu ya huduma za jamii, kwa sababu zilikwenda pamoja na ardhi. Nyuzilandi ilianza kuwapa wazee pensheni mwaka 1898, mapema kuliko nchi nyingi. Mzee wa Kimaori aliruhusiwa kuomba, lakini mara nyingi alipewa kidogo kuliko Mzungu. Maofisa walisema, wewe una ardhi, na ndugu watakulisha. Yaani fungu lile lile ambalo benki ililikataa, ofisi ya pensheni ililihesabu kuwa utajiri! Sheria ya mwaka 1938 iliweka haki sawa kwa wote, ingawa ilichukua muda hadi maofisa wote waifuate.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamaori walijipanga wenyewe kwa kamati za makabila, kuandikisha askari na kulima chakula. Kamati hizo zilifanya kazi vizuri, na sheria ya mwaka 1945 ikazitambua. Zilishughulikia maji, usafi, nyumba, vijana na ulevi. Serikali nayo iliajiri maofisa wa ustawi, wanawake kwa wanaume, wengi wao Wamaori.

Mwaka 1951 kina mama waliunda Umoja wa Ustawi wa Wanawake wa Kimaori. Mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa Whina Cooper. Wakati huo familia nyingi zilikuwa zinahamia mijini kutafuta kazi, na huko Auckland walikaa katika vibanda vibovu, wengi chumba kimoja. Kina mama hawakwenda ofisini kulalamika tu. Walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika hali ya kila familia, wakaweka karatasi zile mezani kwa serikali. Mbele ya karatasi zile maofisa hawakuwa tena na la kukana, na familia nyingi zilipata nyumba.

7. MAMA ALIYETEMBEA, NA SHERIA MPYA

Huyo huyo Whina Cooper, akiwa na umri wa miaka 79, aliongoza maandamano mwaka 1975. Walianza Te Hapua, ncha ya kaskazini kabisa, tarehe 14 Septemba, wakafika bungeni Wellington tarehe 13 Oktoba. Ni kiasi cha kilomita 1,000, kupita urefu wa Mombasa hadi Kisumu. Njiani walilala katika viwanja vya koo, na kila mahali watu walitia sahihi. Walifika watu kama 5,000, na sahihi 60,000. Neno lao lilikuwa fupi: hata ekari moja zaidi ya ardhi ya Wamaori isiondoke.

Mwaka huo huo bunge liliunda Baraza la Waitangi la kusikiliza malalamiko juu ya mkataba. Mwanzoni lilisikiliza mambo mapya tu. Mwaka 1985 lilipewa ruhusa kurudi nyuma hadi 1840. Tangu hapo makabila mengi yamepata maombi ya msamaha kutoka kwa serikali, na sehemu ya fidia. Watu wa Waikato, kwa mfano, walipata fidia ya dola milioni 170 mwaka 1995, kwa pesa taslimu na ardhi.

Mwaka 1993 ilikuja sheria mpya ya ardhi. Yenyewe inasema kwamba ardhi ni hazina iliyoachwa na mababu, na kwamba kazi ya mahakama sasa ni kuwasaidia wenyewe waishike na waitumie. Shamba la wengi lisilo na wadhamini haliuzwi bila kukubaliwa na wenye robo tatu ya mafungu, na ndugu wa ukoo wapewe nafasi ya kwanza kununua. Familia inaweza kuweka mafungu yake yote katika amana moja ya familia, yasigawanyike tena kila mtu anapofariki. Wadhamini wanachaguliwa na lazima watoe hesabu.

Hatusemi kwamba mambo yote yamepona. Ardhi ya Wamaori iliyobaki ni kiasi cha asilimia 5 ya nchi yote. Mashamba mengine yana majina maelfu kwenye daftari, na madogo mengi hayana kamati yoyote, yamelala tu. Lakini yale yenye shirika zuri na vitabu safi yanafuga kondoo na ng'ombe, yanapanda misitu, na yanasomesha watoto wa wenyewe.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza: Anayeandikwa kwa niaba ya wengine, sheria inaweza kumwona kuwa ndiye mwenyewe. Kama anawashikia, iandikwe hivyo.

Pili: Kugawa si dawa peke yake. Kabla ya kugawa, pigeni hesabu hadi wajukuu.

Tatu: Kushika pamoja bila kamati ni kuacha pori. Kushika pamoja kwa kamati, katiba na mkutano wa kila mwaka kunawezekana.

Nne: Msaada wa serikali au wa shirika lolote ni mzuri, lakini ulizeni kabla: nani ataamua, deni litaisha lini, na siku gani tutarudishiwa?

Tano: Mkataba wa kukodisha uwe na mwisho, na kodi iangaliwe upya baada ya miaka michache.

Sita: Vitabu vya hesabu ni ulinzi wa kiongozi mwaminifu.

Hapa kwetu Kenya tunayo mambo yanayofanana. Sheria ya mwaka 1968 ya ranchi za vikundi iliweka ardhi ya wengi mikononi mwa wawakilishi wachache, na ranchi nyingi ziligawanywa baadaye. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka jamii ijiandikishe, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na ardhi isiuzwe bila kukubaliwa na theluthi mbili ya wanachama wazima walioandikishwa. Sheria ni nzuri, lakini haitembei yenyewe. Ni wanachama wanaokuja mkutanoni ndio wanaoipa miguu.

NENO LA MUNGU

Someni 1 Wafalme 21:1-16, habari za shamba la Nabothi. Angalieni kwamba hata mke wa mfalme alitafuta barua, muhuri wa mfalme na mashahidi ili kuchukua shamba kwa njia iliyoonekana halali. Kisha someni Hesabu 27:1-11, mabinti wa Selofehadi waliosimama mbele ya mkutano wote na kudai jina la baba yao lisipotee.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika ardhi ya kikundi au ya ukoo wenu, ni majina ya nani yaliyo kwenye hati? Wengine wanalindwa na nini?
2. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 3 kwa shamba moja mnalolijua. Wajukuu watapata nini?
3. Wajane na mabinti wana nafasi gani katika maamuzi yenu juu ya shamba?
4. Ngata alikosea wapi? Je, ilikuwa afadhali aende polepole? Sikilizeni pande zote mbili.
5. Kina mama wa Auckland waliandika hali ya kila nyumba. Ni jambo gani katika kijiji chetu tungeweza kuliandika namna hiyo kabla ya kwenda kwa chifu au ofisi ya kaunti?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, karani na mweka hazina walete vitu vitatu mbele ya wanachama wote: nakala ya hati ya ardhi ya kikundi au cheti cha uandikishaji, katiba, na kitabu cha pesa. Kila mwanachama avione kwa macho yake, na asiyejua kusoma asomewe. Kama kimoja hakipo, msigombane. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano ni nani atakitafuta na lini.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.